Ng'ombe Kumi na Wawili wa Papa Nsimire

Keti, msomaji wangu, na usiwe na haraka. Jambo ninalotaka kukueleza ni dogo na linaeleweka upesi, ingawa kulibeba kumenichukua zaidi ya nusu ya maisha yangu. Nitakueleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu, hatua moja kisha nyingine, na ukipotea mahali popote ujue kosa ni langu, si lako. Mwezi uliopita tulimzika Papa Nsimire. Kwetu Bukavu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na huyo Nsimire alikuwa rafiki yangu wa shuleni. Siku ya tatu ya matanga tulikuwa jikoni kwao, Kadutu, mimi na yeye, wanawake wawili tunaokaribia sitini, tunachambua maharagwe ya wageni kwenye ungo. Kutoka saloni, yaani sebuleni, tulisikia wazee wakibishana kwa heshima juu ya nani atangulie kusema maneno ya shukrani. Nsimire akaniambia, bila kuinua macho kutoka kwenye maharagwe, kwamba baba yake alimwita karibu na kitanda siku mbili kabla ya kufa, akamwomba radhi. Nikauliza radhi ya nini. Akasema: "Alisema, 'Nsimire, unisamehe. Ile mwaka, ngombe hazikutosha.'" Nikaacha kuchambua. Ili uelewe kwa nini maneno hayo yalinisimamisha, lazima nikurudishe kwenye mwaka huo.

Mwaka huo tulikuwa darasa la sita la sekondari, darasa la mwisho, katika shule ya wasichana ya masista, juu ya kilima ambacho ziwa linaonekana kutoka kila dirisha na hakuna mwanafunzi anayelitazama. Ilikuwa miaka ya Zaïre. Asubuhi tulianza kwa kuimba na kucheza mbele ya bendera kumsifu Raisi, kisha ndipo tukafungua daftari. Sheria ilikuwa imetuvua majina ya ubatizo, na masista wazee walituita "citoyenne", yaani raia, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa. Nsimire alikuwa wa kwanza darasani. Sisemi hivyo kwa sababu ya matanga. Alikuwa wa kwanza kila muhula, na pengo kati yake na wa pili, ambaye mara nyingi nilikuwa mimi, halikuwa dogo. Alinifundisha hesabu kwa subira ambayo ndiyo niliyokuja kuiiga baadaye nilipokuwa mwalimu. Akiona sielewi, hakurudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Alitafuta mlango mwingine. Mimi nilimzidi kitu kimoja tu, Kiingereza, na Kiingereza nilikipata kwa Mamuzele Ruth.

Mamuzele, ndivyo tulivyotamka "mademoiselle" ya Kifaransa, Ruth alikuwa msichana wa Kimarekani aliyejitolea kufundisha shuleni kwetu, mwembamba, mwenye nywele za rangi ya majani makavu. Aliishi mtaa wa Muhumba, na chumba cha nyuma cha nyumba yake alikigeuza kuwa chumba cha kusomea. Kilikuwa na zulia la kahawia, rafu tatu za vitabu, na dirisha lililofunikwa na majani ya mgomba kiasi kwamba hata saa sita mchana ulisoma kama mtu aliye chini ya maji. Mimi nilimsaidia kupanga vitabu kila Jumatano, naye alinipa chai ya maziwa na mkate uliopakwa siagi ya karanga kwa unene ambao mama yangu asingeuamini. Siku moja ya mvua, mwezi wa kumi, alifunga mlango, akanikalisha, akaweka bahasha mbili za kahawia juu ya meza. Akanieleza kwamba huko kwao kuna vyuo vinavyochagua wanafunzi wachache kati ya wengi, na kwamba ada yao ni kubwa hata kwa Mmarekani wa kawaida. Lakini vichache kati ya hivyo, akasema, humchukua kijana asiye na uwezo na kumlipia yote: masomo, chakula, kitanda, vitabu, hata ndege. Chuo alichosoma yeye kilikuwa kimojawapo. Bahasha moja ilikuwa yangu, nyingine ya Nsimire.

Kisha akatoa karatasi mbili kutoka kwenye bahasha yangu na kuziweka sambamba. Nakumbuka kidole chake chembamba kikihama kutoka moja kwenda nyingine. Karatasi ya kwanza, alisema, inauliza wewe ni nani. Ya pili inauliza nyumbani kwenu mnaweza kulipa nini. Hii ya pili, akaigonga, haiulizi kama baba yako ni mtu wa heshima. Inataka tu kujua shimo lina kina gani, ili wajue udongo wa kulijaza. Ukiandika kwamba mali ipo, watasema vizuri, basi ailete. Ukiandika ukweli kwamba haipo, hakuna atakayekucheka. Ndiyo kazi ya karatasi hiyo. Kutoka nchi za mbali, akaongeza, chuo hicho humpa yote mtu mmoja kwa mwaka, mara chache wawili. Akaniomba nikamweleze Nsimire na wazazi wake, tena nieleze polepole, kwa Kiswahili. "Mimi nikienda watanichinjia kuku," alisema kwa Kifaransa chake cha kuparuza, "na hakuna atakayenisikiliza." Nikacheka. Nikasema ndiyo, nitawaeleza.

Nilimsikia aliposema mmoja. Aliposema wawili nilimsikia pia, sitakudanganya, lakini la kwanza lilikaa na la pili likapita. Na wiki iliyofuata nilisikia jambo ambalo sikupaswa kulisikia. Nilikuwa nimeinama nyuma ya rafu na Mamuzele Ruth alikuwa barazani na mgeni wake, mwalimu mwenzake aliyepanda kutoka Uvira. Alikuwa akimwambia kwamba Nsimire ni mwanafunzi bora kuliko wote aliowahi kuwafundisha hapa. Mgeni akauliza, na huyu mwingine? Mamuzele Ruth akasema, Nabintu naye ni mzuri, anajitahidi sana. Nabintu ni mimi. Nilibaki pale chini na kamusi mkononi mpaka waliporudi ndani, nikaomba ruhusa niende nyumbani kwa sababu ya mvua, ingawa mvua ilikuwa imekatika.

Karatasi yangu niliijaza na mama yangu jioni hiyohiyo. Aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni, na mikono yake ilikuwa bado na magamba madogo ya samaki. Nilimweleza neno kwa neno kama nilivyoelezwa. Alielewa kabla sijamaliza. Akacheka sana, akasema kumbe iko mahali hapa duniani ambapo kukosa kunamusaidia mutu, akaweka sahihi yake ya herufi tatu. Nakuambia hili ili ujue kwamba nilijua kueleza, na kwamba kueleza hakukuwa kugumu.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilikwenda kwa akina Nsimire na bahasha ya pili. Papa Nsimire alikuwa mpeleka barua ndani ya ofisi moja ya serikali, yule anayekaa kwenye kiti kando ya mlango wa mkubwa. Mshahara wake ulikuwa wa kuandikwa zaidi kuliko wa kupokelewa. Kulikuwa na miezi ambayo haukuja kabisa. Lakini abacost yake, ile suti isiyo na tai ya enzi za Raisi, ilikuwa imepigwa pasi hata mishono ikang'aa, na alinipokea mlangoni kama mjumbe aliyetoka ubalozi. Saloni yao ilikuwa na viti vinne vilivyovikwa vitambaa vya kufuma, kalenda ya parokia, na picha ya Raisi iliyotundikwa mahali ambapo ukuta ulikuwa umepasuka. Nsimire alikaa kwenye stuli karibu na pazia la jikoni. Nyuma ya pazia mama yake alikuwa anasonga bugali, na harufu ya sombe, kisamvu chetu, ilikuwa imejaa nyumba nzima. Karatasi ya kwanza tuliimaliza upesi. Nikafungua ya pili, nikaitandaza, na nikaanza kutafsiri maswali bila kusema maswali hayo yalikuwa ya kazi gani.

Papa Nsimire alijibu kama mtu anayejibu mahakamani. Mshahara aliutaja ule wa karatasi ya serikali, si ule wa mfukoni, kwa sababu, alisema, serikali inaweza kuchelewa lakini ni serikali. Nyumba alizitaja mbili, hii na ile ya matofali iliyoko Miti, barabara ya Kavumu, ambayo kila mtu alijua ni ya kaka yake. Nikafika kwenye mstari unaouliza juu ya shamba na mifugo.

"Andika ngombe kumi na mbili," alisema.

Sauti ya mama yake Nsimire ikatoka nyuma ya pazia. "Kumi na mbili ya nani? Zile ni za mukubwa yako kule Miti. Yako ni moja, na ile moja inachechemea."

"Ngombe ya mukubwa yangu ni ngombe yangu. Siku nitakufa, ni yeye atatoa ya kuchinja."

"Basi andika vile, Nabintu. Ngombe kumi na mbili, siku atakufa."

Nsimire aliziba mdomo kwa kiganja. Hata Papa alicheka, lakini alipomaliza kucheka alisogeza kiti chake karibu nami, akashusha sauti, na sasa hakuwa tena mtu wa mahakamani. Alikuwa baba. "Nabintu, mutoto yangu, sikia. Maman anacheka, lakini hajue. Mutu akituma binti yake kwa watu ya mbali na kusema hana kitu, wale watu watafanya nini na yeye? Watamufanya boyesse. Ataosha sahani zao, na hakuna mutu atamuuliza anatoka wapi. Mimi nataka wajue anatoka kwa mutu. Mushamuka hawezi kuandika 'sina'."

Mushamuka, kwa Kishi, lugha yetu ya nyumbani, ni mtu mzima anayeheshimiwa, mtu ambaye neno lake linasikilizwa barazani. Na alikuwa na haki, ukielewa ulimwengu wake. Kwetu, binti anapopelekwa ugenini, kwa ndoa au kwa jamaa wa mbali, nyumba inayompeleka hujionyesha kwa ukubwa wake. Hutangaza ng'ombe hata wale wa kuazima, ili wenyeji wajue kwamba huyu akipigwa kuna watakaokuja kuuliza. Alikuwa anamkinga mwanawe kwa ngao pekee aliyoijua. Sentensi moja tu ingetosha: Papa, karatasi hii inampa yule aliyekosa. Nilikuwa nayo mdomoni, imeshatafsiriwa. Niliitazama karatasi, nikaandika kumi na wawili, nikaandika kwa mwandiko mzuri. Nilitafsiri kila neno kwa uaminifu. Hakuna neno moja katika karatasi ile ambalo yeye hakulisema. Kwa miaka mingi nilijificha nyuma ya jambo hilo, na nakushauri ukimsikia mtu anajisifu kwamba alitafsiri kwa uaminifu, muulize alinyamaza wapi.

Papa alitia sahihi kubwa yenye mikia. Halafu maman akatuletea chakula: bugali, sombe, na samaki mmoja wa kukaanga, ambaye kwa nyumba ile alikuwa samaki wa Pasaka. Kichwa na sehemu ya tumbo, ile nono, akaiweka mbele yangu kwa sababu nilikuwa mgeni na nimefanya kazi. Nilikula. Nakumbuka kwamba nilikula vizuri.

Nsimire alinisindikiza mpaka chini ya mteremko, mahali njia ya udongo inapokutana na barabara. Tulikuwa tunaruka madimbwi. Akanishika mkono.

"Nabintu, iko sawa vile? Ile mambo ya ngombe."

"Iko sawa."

"Mamuzele hakusema kitu juu ya ile karatasi ya pili?"

"Hapana," nikasema. "Hakusema kitu."

Akatosheka. Nsimire hakuwahi kunishuku kwa jambo lolote. Alikuwa na akili ya hesabu, na katika hesabu mtu akikupa namba unaipokea.

Majibu yalikuja mwezi wa tano, wakati tulipokuwa tumezama katika matayarisho ya mtihani wa serikali na shule nzima ilinuka mishumaa na kahawa. Mamuzele Ruth alituita sote wawili kwenye chumba cha kusomea. Mimi nilipewa yote, kuanzia ndege mpaka blanketi. Nsimire naye alikuwa amekubaliwa, tena kwa maneno mazuri kuliko yangu. Walisema wangefurahi sana kumpokea. Lakini katika aya ya pili waliandika kwamba, baada ya kuangalia mali ya familia, familia itachangia kiasi fulani kila mwaka, na chuo kitatoa kinachobaki. Nsimire alisoma mwenyewe, polepole, akitembeza kidole. Kiingereza chake kilitosha kwa hilo. Akakunja barua, akanipongeza kwa kunikumbatia, akatoka nje kwenda kunawa uso kwenye bomba la bustani.

Alipokuwa nje Mamuzele Ruth aliniuliza kilichotokea. Ng'ombe kumi na wawili? Nyumba mbili? Hukuwaeleza? Nikamtazama usoni nikasema niliwaeleza, ila baba yake alikataa, ni mtu wa majivuno. Akahesabu siku zilizobaki kwa vidole. Kisha akasema bado kuna nafasi: kama baba ataandika barua ya kusahihisha, na masista wakaithibitisha, yeye ataituma haraka na pengine watarekebisha. Nikasema hataweza kutia sahihi barua kama hiyo, Mamuzele, ni aibu kubwa kwetu, utamvunjia heshima. Naye, kwa kuwa alituheshimu na aliogopa kuvunja mila asizozijua, aliniamini.

Hapa nataka uone jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kuliona. Siku hiyo nafasi yangu ilikuwa salama. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Hakuna aliyekuwa ananinyang'anya kitu. Uongo wa mwezi wa kumi niliusema kwa tamaa, na msichana wa miaka kumi na minane mwenye tamaa pengine unaweza kumsamehe. Uongo wa mwezi wa tano haukunipa kitu chochote. Niliusema tu ili ule wa kwanza usijulikane. Nimewatazama wanafunzi wangu kwa miaka mingi, na nimeona kwamba kosa la pili ndilo huwaharibu, kwa sababu la kwanza bado lina mlango wa kutokea.

Papa Nsimire alikuwa amekwisha kuona bahasha yenye stempu za Amerika, na kabla Nsimire hajapata nguvu ya kusema lolote, alialika watu wa jumuiya yao ya parokia. Jumapili nilipofika nilikuta saloni imejaa, kasiksi, pombe ya ndizi, iko kwenye dumu katikati, na watoto wa majirani wamejipanga dirishani. Nsimire alinivuta pembeni akaniomba nisome mimi. Yeye hakuweza kumwambia baba yake. Nikasimama chini ya kalenda, nikasoma aya ya kwanza, nikaitafsiri. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akamwambia Papa Nsimire kwamba sasa itabidi wamwombe ruhusa kabla ya kumsalimia. Nikangoja watulie, nikasoma aya ya pili.

Papa aliuliza ni kiasi gani. Nikataja kwa dola. Akaomba nikiweke kwa zaïres, na nilipokiweka, dumu la kasiksi likaacha kuzunguka. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Alitabasamu. Akawageukia wageni wake, akanyoosha mbele ya abacost yake, akasema, "Mumeona? Wanajua mimi ni mutu. Kama ningekuwa mutu bure, hawangeniomba kitu." Wazee wakaitikia kwamba ni kweli. Maman alikuwa amesimama kwenye pazia la jikoni. Alinitazama mimi, si mumewe, kisha akarudi ndani.

Jumatatu Papa alipanda lori kwenda Miti kumwomba kaka yake auze ng'ombe. Alirudi Jumatano, kwa miguu, kwa sababu alikuwa amekosa gari kuanzia njia panda. Nilikuwa sokoni na mama yangu nilipomwona anapita. Ilikuwa imepita saa tisa na barabara ya Kadutu ilikuwa imejaa watu. Alikuwa amevaa abacost ileile, vumbi mpaka magotini, na juu ya kichwa alikuwa amebeba mkungu wa ndizi za kupika. Mwanaume wa ofisi, mushamuka, hakupaswa kubeba mkungu kichwani mchana mbele za watu. Angemtafuta mtu wa kumbebea. Kaka yake alikuwa amempa ndizi, na maneno. Ng'ombe wengi hawakuwa hata wa kaka yake. Walikuwa wa watu aliokuwa akiwachungia. Mama yangu akamsalimia. Akasimama, akaitikia vizuri, akauliza hali ya biashara ya samaki, na mkungu ukiwa juu. Kisha akanitazama kwa upole, akasema nisome kwa bidii, akaendelea kupanda.

Mwezi wa nane niliondoka. Asubuhi ile watu walikuja kwetu kuniaga, na Papa Nsimire alikuja na Nsimire. Aliweka kiganja juu ya kichwa changu, akaomba kwa Kishi, kisha akanisogeza kando. "Ukifika kule, uwaambie wale watu: papa ya Nsimire bado anatafuta. Mwaka kesho ngombe zitatosha." Nikasema nitawaambia. Huo ulikuwa uongo wangu wa tatu.

Usimhurumie Nsimire, asingependa. Alipita mtihani wa serikali akiwa miongoni mwa wa kwanza wa jimbo, akasoma ualimu hapa hapa, akafundisha hesabu Kavumu mpaka walimfanya mkuu wa shule, akazaa, akajenga. Mimi nilikaa Amerika miaka minane, nikarudi, nikafundisha Kiingereza. Tulibaki marafiki. Kila mwaka vijana huja kwangu na karatasi za vyuo vya mbali, na mimi huwaeleza kwa subira mpaka wazazi wao waelewe, wakati mwingine naenda mpaka Kamanyola kwa ajili ya mzazi mmoja. Watu wananisifu kwa hilo. Sijawahi kujua la kufanya na sifa hizo. Papa Nsimire nilimtembelea kila Mwaka Mpya, nikimpelekea sukari na majani ya chai, na mara zote nilijiambia kwamba ni mzee, amesahau, kwa nini nimsumbue. Kumbe hakusahau. Aliishi miaka yote hiyo akiamini kwamba binti yake alikosa kwa sababu baba yake hakuwa tajiri vya kutosha. Alikosa kwa kinyume chake kabisa, na mtu mmoja tu chini ya jua alijua, na mtu huyo alimletea sukari.

Basi tulikuwa jikoni, na maharagwe, na maneno ya marehemu. Nikamwambia Nsimire. Nilimwambia makosa yangu yote matatu, kwa mpangilio, bila kujitetea. Hakulia wala hakuinua sauti. Alinisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza swali la hesabu, na nilipomaliza aliuliza kitu kimoja.

"Ile karatasi ya pili ilikuwa inatafuta nini, kwa kweli?"

Nikamweleza. Nilimweleza kama Mamuzele Ruth alivyonieleza, shimo na udongo wa kulijaza. Chungu kilikuwa kimewekwa motoni muda huohuo, na nilipomaliza maji yalikuwa hayajapata hata joto.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Akafikiri. "Papa angeelewa," alisema. "Angebisha kidogo, maman angemucheka, halafu angeelewa." Akamimina maharagwe kwenye chungu, akapangusa mikono kwenye kitenge. "Mimi nimeishi vizuri, Nabintu. Hukuniua. Lakini mutu wa kuambiwa haiko mimi. Tumeshamuzika." Akabeba sinia la vikombe, akaenda saloni kuwahudumia wageni. Baadaye alinipa kikombe changu kama alivyowapa wengine wote. Tangu siku hiyo hajanipigia simu, na mimi simlazimishi.

Siwezi kumrudia Papa Nsimire. Naweza kukuambia wewe, kwa sababu siku moja mtu atakuja kwako na karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua, akuombe umjazie, na atakuwa na sababu zake njema za kujibu vibaya. Kabla hujaandika herufi hata moja, mwambie karatasi hiyo inatafuta nini, na jibu lake litafanyiwa nini. Kisha mwombe akueleze wewe, kwa maneno yake mwenyewe, alivyoelewa. Akishindwa, eleza tena. Akiweza, andika.